Sura ya Saba

Debra Aoko aliiacha sura ya saba Jumanne moja asubuhi, baada ya kushindana nayo siku tatu. Alifunga faili kwenye kompyuta, akanywa chai iliyokwisha kupoa, kisha akamwandikia mchapishaji kwamba tafsiri ya kijitabu imekamilika. Mwishoni akaongeza sentensi moja: "Sura moja nimeiondoa kwa sababu ya nafasi."

Nafasi ilikuwepo. Mchapishaji alikuwa amempa kurasa sitini na nne, naye alikuwa ametumia hamsini na mbili tu. Ukweli ni kwamba sura ile ilimshinda. Mwandishi wake, mwalimu mmoja wa falsafa aliyeishi kabla ya Kristo kuzaliwa, aliiandika kama mtu anayebishana na nafsi yake: sentensi moja inajipinda ukurasa mzima, inakana ilichokisema, inarudi, inauliza upya. Kila Debra alipojaribu kuitia katika Kiswahili cha kawaida, ilitoka kama maneno ya wakili anayetafuta siku zaidi. Akachoka. Akajiambia kwamba sura tisa zinatosha, na kwamba msomaji hawezi kukosa asichokijua.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, na kwa miaka kumi na mitatu alikuwa amefundisha falsafa katika chuo kimoja huko Maseno. Kazi ya vijitabu aliianza kwa ajili ya mama yake. Mama huyo, ambaye sasa ni marehemu, aliuza samaki wa kukaanga katika mtaa wa Manyatta, Kisumu, mpaka binti akapata digrii. Siku moja akamuuliza, "Hao watu unaosoma kila siku, kwani wanasemaga nini?" Debra akafungua mdomo, akakuta kwamba yote aliyoyajua aliyajua kwa Kiingereza cha mtihani. Akamjibu, "Ni mambo mingi, Mama." Jibu hilo lilimwaibisha mpaka akaapa kwamba vitabu vya wanafikra wakubwa atavishusha kutoka rafu za juu, aviweke mahali ambapo mtu anayesimama sokoni kutwa anaweza kuvifikia.

Cha kwanza kilihusu haki, cha pili urafiki. Hiki cha tatu kilihusu utulivu wa moyo, na ndicho kilichopendwa kuliko vyote. Nakala mia tatu zilikwisha kwa miezi miwili. Fundisho lake lilikuwa jepesi kushika: kuna mambo yaliyo mikononi mwako na kuna yasiyo mikononi mwako, hangaika na ya kwanza, ya pili yaache yapite.

Kila Alhamisi alasiri watu kama kumi hivi walikutana kwenye ukumbi mdogo wa kanisa moja Otonglo, hatua chache tu kutoka soko la barabarani, wakasoma pamoja. Mzee Zadock, karani wa mahakama aliyestaafu, alisoma kwa sauti ya kuita mashahidi. Frankline Opondo, mwendesha boda boda, aliegesha pikipiki mlangoni, naye ndiye aliyembatiza mwandishi wao jina la Kijaluo: Jaduong', yaani mzee. "Leo Jaduong' ametuambia nini?" angeuliza akivua helmeti. Na alikuwepo Mama Nabwire.

Nabwire alikuwa mjane wa miaka hamsini na kidogo, mtu wa Busia aliyeolewa huku na kubaki huku, muuza nyanya na vitunguu. Shule aliachia darasa la saba. Alisoma akifuata mstari kwa kidole na midomo ikichezacheza, lakini akishaushika mstari, haukumtoka tena. Alhamisi moja alisimama akawaambia wenzake, "Hii mvua ya juzi iliniharibia nyanya kreti mbili. Kitambo ningelia mpaka macho ifure. Sasa nimejiuliza tu: mvua iko mkononi mwangu? Haiko. Nikauza vitunguu." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Debra akasikia raha ambayo darasani kwake hakuwahi kuipata.

Wiki chache baadaye, katikati ya sura ya nne, Nabwire akainua mkono.

"Na mwili, Madam? Mwili nayo iko mkononi mwangu?"

Debra alilipenda swali lile. Alilijibu kwa furaha, bila hata kutua. "Jaduong' anasema mwili tumeazimwa tu, Mama. Utaumwa hata usipotaka, utazeeka hata usipotaka. Kilicho chako ni namna moyo wako unavyoyapokea hayo."

Nabwire akaitikia kwa kichwa polepole. Akachukua penseli, akaandika kitu pembeni ya ukurasa, akafunga kijitabu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ameuliza.

Mwezi wa nane Debra alialikwa kuzungumza kwenye kongamano la walimu wa vyuo, mjini Kisumu, katika hoteli inayotazama ziwa. Aliwasimulia habari za mama mmoja wa Otonglo aliyeishia darasa la saba na ambaye, alisema, "anaiishi falsafa kuliko wanafunzi wangu wote." Akawaeleza utulivu wake, nyanya zake, hata lile swali lake kuhusu mwili. Watu wakasimama kumpigia makofi. Profesa mmoja alimshika mkono akamwambia kwamba hivyo ndivyo elimu inavyopaswa kuwa. Debra alirudi nyumbani akijiona amelipa deni la mama yake.

Baada ya hapo Nabwire hakuonekana Alhamisi tatu mfululizo. Ya tatu, Opondo alibaki nyuma wenzake walipotoka. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Madam, umeskia story ya Mama Nabwire?"

"Sijasikia. Amesafiri?"

"Ako hosi. Ni kansa, ya matiti. Wanasema amekaa nayo karibu mwaka mzima, hakuambia mtu. Nilimbeba mimi mwenyewe Jumatatu, hakuweza kukaa vizuri kwa pikipiki."

Debra aliketi kwenye benchi. Kichwani mwake ilirudi sauti moja tu, sauti yake mwenyewe yenye furaha, ikisema mwili tumeazimwa.

Kesho yake alikwenda hospitali na mfuko wa machungwa. Kwenye korido ya wodi alimkuta Mercyline, binti wa Nabwire, fundi wa kushona wa Manyatta, mwanamke wa miaka ishirini na minane hivi. Hawakuwa wamewahi kuonana, lakini Mercyline alimtambua kwa picha iliyokuwa nyuma ya kijitabu. Kijitabu chenyewe alikuwa nacho mkononi.

"Ni wewe uliandika hii?"

"Niliitafsiri. Mimi ni—"

"Najua wewe ni nani." Mercyline alifungua ukurasa wa kumi na tisa, akaunyoosha mbele ya macho yake. Pembeni ya mstari unaosema mwili ni wa kuazima, kwa penseli na kwa mwandiko wa mtu asiyeandika mara kwa mara, palikuwa na neno moja: *Titi*.

"Mimi niliona amevaa leso kifuani kila wakati, hata kwa jua kali," Mercyline akasema. "Nikamshika, nikamwambia twende kliniki. Si mara moja, si mara mbili. Unajua alinifanya nini? Alinisomea kitabu. Alikuwa ametulia kabisa, ananisomea kama pasta. Sasa niambie, Madam. Huyo mzee wenu wa kale alisema mtu asiende hospitali?"

"Hapana. Hakusema hivyo. Alisema..."

Debra alijua vizuri alichosema mwandishi. Sura ya saba yote ilikuwa juu ya jambo hilo. Angeweza kutamka pale pale kwamba mwandishi alikuwa ameujibu ule utulivu wa uongo, na kwamba aliyeliondoa jibu ni yeye.

"Pole sana," alisema. "Poleni sana."

Alimkabidhi machungwa akaondoka bila kuingia wodini. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini huu wa Debra ulimchoma mwingine, naye akaishia kumwambia pole.

Siku zilizofuata alijitetea mbele ya nafsi yake kama mshtakiwa asiye na wakili. Nabwire ni mtu mzima. Wanawake wangapi wanakaa na uvimbe bila kusoma kitabu chochote? Hata madaktari huwasihi watu, na watu hawaendi. Kila hoja ilikuwa na ukweli ndani yake, na hakuna hata moja iliyompa usingizi wala hamu ya chakula. Akiwa darasani, mwanafunzi akitamka neno "utulivu", alihisi uso ukimuwaka.

Jumamosi aliketi mezani baada ya kifungua kinywa, akaifungua tena sura ya saba. Safari hii hakuanza na sentensi. Alijiuliza: ningekuwa namwambia Mama Nabwire, ningesemaje? Akaandika kama anayemwambia:

"Usiniambie jambo haliko mkononi mwako na hujaunyoosha mkono. Umejuaje? Ni nani alikuambia? Kama ni woga ulikuambia, usiuite hekima. Nenda kwanza. Uliza wanaojua kuliko wewe. Sukuma mlango mpaka bega liume. Ukikuta umefungwa kweli, hapo ndipo rudi uketi, na utulivu wako utakuwa wa haki. Anayeketi kabla ya kusukuma hajatulia, amejificha."

Saa saba mchana sura ilikuwa imekwisha. Kazi ya saa nne tu. Debra alizitazama zile kurasa sita, na hilo likamuumiza kuliko yote yaliyotangulia. Haikuwa ngumu kiasi hicho. Ilihitaji tu mtu mmoja wa kuandikiwa, na mtu huyo alikuwa ameketi mbele yake kila Alhamisi.

Nabwire alifanyiwa upasuaji akaruhusiwa kurudi nyumbani. Debra alimfuata Manyatta, kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la kusaga mahindi. Mercyline alikuwa kwenye cherehani karibu na mlango. Alimwona, akarudisha macho kwenye kitambaa, hakumkaribisha wala hakumzuia.

Nabwire alilala chali, upande mmoja wa kifua umefungwa bendeji nene. Uso ulikuwa umepungua lakini macho yalikuwa yale yale.

"Madam. Karibu. Nilisikia ulifika hosi ukarudia mlangoni."

"Nilirudi, Mama. Niliogopa." Debra aliketi kwenye kigoda. Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakamtoka. "Kile kitabu kilikuwa na sura kumi. Nilitoa moja. Niliambia watu ni kwa sababu ya nafasi, lakini nafasi ilikuwepo. Nimekuletea hiyo sura."

Cherehani ikanyamaza.

"Soma," Nabwire akasema.

Debra akasoma kurasa zote sita.

"Hii ulikuwa nayo?" Nabwire akauliza.

"Nilikuwa nayo."

"Ile siku nilikuuliza mambo ya mwili?"

"Nilikuwa nayo, Mama."

"Na hukunipa kwa nini?"

"Ilikuwa ngumu."

"Ngumu kwangu ama ngumu kwako?"

Debra aliinamisha kichwa. "Kwangu."

Nabwire aligeuza uso ukutani. Alipoongea tena, hakugeuka. "Mimi nilikuwa naogopa, Madam. Dada yangu alikatwa titi kule Busia, na hakumaliza mwaka. Nilipogusa hii yangu nikajua ni ile ile. Nikatafuta mahali pa kujificha. Nikapata kwa kitabu yako, mahali pazuri, hata watu wananipigia makofi. Pengine singekuwa na kitabu ningejificha kanisa. Sijui. Lakini huyu mzee alikuwa anakuja kunifukuza pale nimejificha, na wewe ukamfunga mdomo."

"Nisamehe, Mama."

"Sitaki kukuambia ni sawa, kwa sababu si sawa. Daktari ameniambia ningekuja mapema singekatwa yote." Alivuta pumzi, akakunja uso kwa maumivu. "Na usilie hapa. Mercyline ataona unanipatia kazi ya kukubembeleza."

Debra akajifuta uso haraka kwa kiganja. Alikuwa kweli amekuja akitumaini kubembelezwa. Hakujua mpaka alipoambiwa.

"Hiyo kitabu iko na watu wangapi?" Nabwire akauliza.

"Mia tatu."

"Na wote hawana hiyo sura?"

"Hawana."

"Basi unafanya nini hapa kwangu?"

Wiki hiyo Debra alimwandikia mchapishaji ukweli wote. Aliwaandikia pia wenye kongamano kwamba yale aliyoyasema kuhusu mama wa Otonglo hayakuwa sahihi, na kwamba utulivu aliousifu ulikuwa ugonjwa unaofichwa. Walimjibu kwa barua pepe ya mistari miwili, ya adabu, wakimshukuru kwa mchango wake. Sura ya saba akaichapisha kwenye karatasi ndogo za kubandika ndani ya kijitabu, na ukurasa wa kwanza akaandika kwa jina lake: "Sura hii niliiacha mimi, kwa uvivu na woga. Mwandishi hana kosa."

Alhamisi alikisomea kikundi. Mzee Zadock alisikiliza akiwa ameweka kiganja nyuma ya sikio. "Kortini," alisema mwishowe, "karani akipunguza maneno ya shahidi, hata neno moja, anafutwa kazi."

"Ni kweli, Mzee."

"Mimi siwezi kukufuta. Lakini tangu leo, kila kitabu unachokata, utuambie umekata wapi. Tuone hata kidonda chake." Wenzake wakaguna kukubali. Mama mmoja aliyekuwa nyuma alichukua mkoba wake akatoka, wala hakurudi tena.

Opondo alijitolea kumzungusha kwa pikipiki. Kila Jumamosi walipita Otonglo, Manyatta, hadi kwenye vibanda vilivyo nje ya geti la chuo Maseno, wakiulizia nani ana kijitabu cha Jaduong'. Wengine walikuwa wamekipoteza. Wengine walikuwa wamekigawa kwa shemeji aliyekwenda Siaya, au Nairobi, au mahali wasipopajua. Kila aliyesema "nilimpa mtu" alimwachia Debra uzito mpya, maana mtu huyo alikuwa na nini kifuani, au nyumbani, anachokiachia kipite?

Manyatta walimkuta Enos Wasike, mwashi, akichanganya saruji. Alisikiliza maelezo yote, kisha akaushika mfuko wa suruali mahali kijitabu kilipokuwa.

"Hapana. Hii hamgusi."

"Si kuichukua, Baba. Ni kuongeza tu kurasa sita."

"Madam, mimi nilikuwa nalala mtaroni kwa sababu ya chang'aa. Bibi aliondoka, kazi ikaondoka. Nilisoma hapa ati bibi kuondoka haiko mkononi mwangu, lakini glasi iko mkononi mwangu. Nikaweka glasi chini. Ni miezi saba sasa. Wewe unakuja kuniambia haijakamilika? Mimi imenikamilikia."

Kwa wiki kadhaa Debra alikuwa amekihesabu kila kijitabu kama sumu iliyozagaa mjini, na sasa hapa palikuwa na mtu mzima aliyesimama kwa miguu yake kwa sababu ya kitabu kile kile chenye pengo. Jambo hilo halikumpunguzia kosa. Lilimnyima tu urahisi wa kuamini kwamba alikuwa ameharibu kila kitu, na urahisi huo nao ulikuwa aina ya mto wa kulalia.

"Basi nikusomee tu," alisema. "Halafu utaamua."

Alimsomea akiwa amesimama kando ya rundo la mchanga. Wasike alisikiliza huku sepeto ikiwa begani. Mwishoni akazipokea zile karatasi, akazikunja, akaziweka kwenye mfuko mwingine, mbali na kijitabu. "Nitafikiria," alisema, akarudi kwenye saruji yake.

Nabwire alitundikiwa dawa miezi mitano. Nywele zilimtoka, ladha ya chakula ikampotea, na kuna wiki ambazo Opondo alileta habari kwa sauti ya chini. Mvua za masika zilipoanza alirudi kibandani, siku tatu kwa wiki, kilemba kichwani. Madaktari hawakumwahidi kitu. Walimpa tarehe za kurudi, naye hakuikosa hata moja. Debra alinunua nyanya kwake kila alipopita. Nabwire alimuuzia kama anavyomuuzia mtu yeyote, wakati mwingine wakazungumza, wakati mwingine hapana. Neno la msamaha halikutamkwa, na Debra alijifunza kutolisubiri.

Kufikia wakati huo vijitabu mia moja na themanini na tisa vilikuwa vimepatikana. Alhamisi moja, watu wakiwa wameshatoka, Debra alikuwa amebaki ukumbini akibandika kurasa kwenye nakala nne alizoletewa na wanafunzi. Mlango ukafunguliwa akaingia Mercyline na mfuko wa nguo. Hakusalimu. Aliuinamisha mfuko juu ya meza, vikamwagika vijitabu kumi na kimoja, vingine vimechakaa, kimoja kina alama ya mafuta ya cherehani.

"Vilikuwa kwa wateja wangu na watu wa kwaya," alisema. "Nimevitafuta tangu Krismasi."

Debra aliinuka. "Mercyline, asan—"

"Usiniambie asante. Mimi bado nimekukasirikia." Akavuta kiti upande wa pili wa meza, akaketi, akafungua kijitabu cha kwanza mahali sura ya sita inapokwisha. "Gundi iko wapi?"

Debra akamsogezea.